Korosho Ina Gari la Mkataba, Bibi Yangu Hana



Leo siandiki kuhusu nani kahamia chama gani. Naandika kuhusu gari la abiria, lile unalolisubiri stendi mpaka unasahau ulikuwa unaenda wapi.

Bibi yangu anakaa kijijini, wilaya ya Newala, kama kilomita 30 kutoka mjini. Ana presha, na kadi yake ya kliniki inamtaka arudi kila mwezi. Kijijini kwao kuna Hiace moja tu. Inaondoka saa 11 alfajiri kwenda mjini, inarudi jioni ikijaa. Isipojaa, hairudi.

Desemba iliyopita nilimsindikiza. Kliniki tulimaliza saa 6 mchana. Tukakaa stendi mpaka saa 12 jioni, abiria tukiwa watano. Dereva akaja kwa heshima kabisa, akaniambia: "Njomba, mnisamehe. Siwezi kupandisha gari na watu watano, mafuta yangu nani atalipa?" Bodaboda wakataka 15,000 kwa mtu mmoja, usiku, na mvua imeshanyesha. Bibi mwenye miaka zaidi ya 70 umpakie bodaboda kwenye utelezi ule? Tukalala kwa ndugu. Mwezi uliofuata bibi hakwenda kliniki. Alisema, "Nitakwenda mwezi ujao, mjukuu wangu, nisije nikawasumbua watu tena."

Sasa sikia kilichoniuma. Kesho yake tuliporudi tulikuta lori kubwa mbele ya ghala la AMCOS ya kijiji, linapakia korosho. Barabara ni ile ile, mvua ni ile ile. Lori lilikuwa limefika kwa sababu lina mkataba wa kufika. Hakuna aliyeliambia lisubiri mpaka lijae abiria.

Hapo ndipo nilipopata hoja ya makala hii. Korosho yetu ina usafiri uliopangwa na kulipiwa. Sisi tunaoilima hatuna.

Lami tunaitaka, ila lami haibebi mtu

Najua kuna mtu ataniambia subiri, lami inakuja. Ni kweli inakuja, na tusiwe watu wa kukataa kila kitu. Kipande cha Mtwara mpaka Mnivata, kilomita 50, kimekamilika. Kile cha Mnivata, Tandahimba, Newala mpaka Masasi, kilomita 160 pamoja na Daraja la Mwiti, kinajengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Wazee wetu waliidai barabara hii miaka na miaka. Siku itakayokamilika tutashangilia wote, CCM na wapinzani, kwa sababu mkopo ule tutaulipa wote.

Lakini jiulize swali dogo. Masasi mpaka Mtwara kwa kupitia Ndanda na Mnazi Mmoja ni lami siku nyingi. Je, mtu wa kijiji kilicho kilomita 20 ndani kutoka barabara ile anapata gari la uhakika? Anatembea, anapanda bodaboda, au anadandia lori. Lami inayafanya mabasi makubwa yaende mbio kati ya mji na mji. Vijiji vya pembeni, vya Chilangala, vya Mnyambe, vya kule bondeni kuelekea Ruvuma, vinabaki vinasikia honi kwa mbali.

Na historia yetu inatufundisha. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga, na baadaye ikafika upande wa Masasi. Mradi wa karanga ukafa. Mapema miaka ya 1960 reli ikafungwa, ikang'olewa. Watu hawakuwa wamehama, walikuwepo pale pale. Reli iliondoka kwa sababu ilijengwa kwa hesabu ya mzigo, na mzigo ulipopungua hakuna aliyehesabu abiria. Baada ya karanga ikaja gesi, nayo mwaka 2015 ikapata bomba lake mpaka Dar es Salaam. Kusini mzigo haukosi njia. Mtu ndiye anayekosa.

Na hapa tujikosoe na sisi. Mwaka 2015 mkoa huu ulipeleka bungeni wabunge wa upinzani kutoka Ndanda, Tandahimba na Mtwara Mjini. Kelele yetu kubwa ya usafiri, wakati ule na hata leo, imekuwa moja: lami, lami, lami. Hatujawahi kuiweka kwenye meza hoja ya nani atapita juu ya lami hiyo, saa ngapi, kwa nauli gani, na nani anamlipa siku ambayo abiria ni watano.

Kwa nini gari haliji: hesabu ya dereva

Tusimlaumu yule dereva. Hebu tukae upande wake, tupige hesabu. Hizi ni namba za mfano, ila mtu yeyote wa stendi atakwambia ziko karibu na ukweli.

Kwenda na kurudi ni kilomita 60. Kwenye mchanga na makorongo Hiace inakula lita moja kwa kilomita 7 hivi, kwa hiyo lita 9. Kwa 3,000 kwa lita, mafuta ni 27,000. Hesabu ya tajiri mwenye gari, 40,000. Dereva na konda, wagawane 20,000. Jumla 87,000, na hapo hujagusa tairi, springi wala faini ya trafiki.

Nauli ni 4,000. Akipata watu 8 wa kwenda na 8 wa kurudi, ana 64,000 mkononi. Pengo ni 23,000. Ili asipate hasara anahitaji watu 22, yaani 11 kwenda na 11 kurudi, kila siku, masika na kiangazi. Msimu wa korosho anawapata. Mwezi wa tatu, watu hawana hela, hawapati. Ndiyo maana gari linakuja Novemba na kupotea Machi, wakati wanafunzi wanaenda shule mwaka mzima na presha ya bibi haina msimu.

Kwa hiyo tatizo la ruti hii ni 23,000 kwa siku. Dereva hana roho mbaya, na wala wananchi si wavivu wa kusafiri. Mfumo wetu unasema kwamba pengo hilo lazima lizibwe na maskini wawili, dereva au abiria, na kama hawawezi basi gari lisiende.

LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA kwa sheria ya mwaka 2019, inatoa leseni ya ruti, inapanga ukomo wa nauli na inasimamia usalama. Kazi hizo ni za lazima. Lakini mfumo unamsubiri mwenye gari aje mwenyewe kuomba ruti. Ruti ambayo hakuna aliyeiomba haina mwenyewe.

Wenzetu wa pembezoni

Neno "pembezoni" tumezoea kuitiwa sisi. Ukifuatilia utakuta Ulaya nako kuna pembezoni: milimani, visiwani, mipakani, kwenye vijiji ambavyo vijana wamehama. Nako kampuni za mabasi ziliangalia hesabu zikaona hailipi. Tofauti ni walichofanya baada ya hapo.

Uswisi waliweka kanuni. Makazi yenye watu 100 wanaoishi pale mwaka mzima yana sifa ya kuunganishwa na usafiri wa umma unaolipiwa kwa pamoja na serikali kuu na serikali za majimbo. Watu 100 tu! Karibu nusu ya gharama za usafiri wa mikoani inatoka serikalini, nyingine inatoka kwenye nauli. Basi la njano la posta linapanda milima kuliko hii yetu ya Makonde, likiwa na abiria watatu, na dereva hana wasiwasi kwa sababu safari yake imeshanunuliwa.

Uholanzi, mwaka 1977, vijiji vilivyokosa mabasi vilianzisha kitu kinaitwa buurtbus, yaani basi la mtaa. Ni kigari cha abiria 8, madereva ni wakazi wenyewe wanaojitolea kwa zamu, ila gari na mafuta yanalipiwa na mamlaka. Mwaka 1985 Wajerumani wa Heek na Legden, jirani na mpaka wa Uholanzi, wakaona kwa majirani, wakavuka kwenda kujifunza, wakaanzisha la kwao. Leo Ujerumani ina mabasi ya wananchi ya aina hiyo sehemu nyingi. Hawakuona aibu kuiga.

Ireland, tangu 2002, serikali inalipia usafiri wa vijijini ambao sehemu yake unaagizwa kwa simu. Mzee anapiga siku moja kabla, gari linapita kumchukua yeye na wengine wa njia hiyo, siku za kliniki na siku za soko. Gari halizunguki bure na mzee hakai barabarani kutwa.

Na tujifunze pia walipokosea. Estonia kuanzia Julai 2018 walifanya mabasi ya mikoani kuwa bure sehemu kubwa ya nchi. Siasa tamu. Lakini watu hawakuacha magari yao kama ilivyotegemewa, kwa sababu basi la bure lisilopita kwako saa unayolihitaji ni sawa na hakuna. Kwetu somo ni hili: tusikimbilie kuahidi nauli bure kwenye majukwaa. Bibi yangu hajawahi kulalamikia ile 4,000. Analalamikia gari lisilorudi.

Uingereza nao kuanzia miaka ya 1960 walikuwa na magari ya posta yanayobeba barua na abiria pamoja, hasa Wales na Scotland. Wazo zuri, gari linakwenda hata hivyo. Ila huduma ya posta ilipobadilika, abiria wakaachwa. Ukimfunga mtu kwenye safari ya mzigo, siku mzigo ukibadili njia na yeye amebaki. Kusini tunalijua hilo tangu reli ya karanga.

"Ulaya wana hela, sisi je?"

Swali halali. Nalijibu kwa vitu vitatu, vyote vya hapa hapa nyumbani.

Cha kwanza, m-mama. Kama hujui, ni mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ulianza kwa majaribio Kanda ya Ziwa, ukazinduliwa kitaifa mwaka 2022. Unapiga 115 bure. Ambulansi ikiwa haipo karibu, anatafutwa dereva wa kawaida wa jamii aliyesajiliwa, anambeba mama mpaka kituoni, analipwa kwa simu. Jambo jema tuliseme ni jema, hata likifanywa na serikali tusiyoipigia kura. Maana yake ni kwamba nchi hii inajua tayari jinsi ya kununua safari kwa dereva binafsi, kijijini, bila kununua basi hata moja na bila kujenga ofisi mpya. Hoja kwamba haiwezekani imeshakufa. Kilichobaki ni kuamua kama mwenye presha, mwenye kisukari na mwanafunzi nao ni watu.

Cha pili, korosho yenyewe. Tangu stakabadhi ghalani ianze mwaka 2007, kila msimu vyama vyetu vikuu, TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa Masasi na Mtwara, vinashughulika na kutoa mzigo kutoka maghala ya vijijini mpaka maghala makuu. Kuna wazabuni, kuna mikataba, kuna bei. Gharama hiyo, kwa njia moja au nyingine, inarudi kwenye bei ya mkulima. Tunalipia usafiri wa uhakika kila mwaka. Tunaulipia kwa ajili ya magunia.

Cha tatu, hela yenyewe. Halmashauri inapata ushuru wa mazao wa asilimia 3. Chukua kilo moja ya korosho kwa shilingi 3,000, chini hata ya ile 3,300 ambayo Serikali ilitangaza mwaka 2018 ilipoingiza jeshi kwenye ununuzi. Tani moja ni milioni 3, ushuru wake ni 90,000. Lori moja la tani 30 linaiachia halmashauri 2,700,000.

Sasa rudi kwenye pengo letu la 23,000. Tuseme halmashauri inanunua safari mbili kwa wiki za uhakika, siku ya kliniki na siku ya mnada. Hizo ni siku 104 kwa mwaka. Mara 23,000, ni 2,392,000.

Soma tena taratibu. Ushuru wa lori moja la korosho unatosha kumhakikishia bibi yangu na kijiji chake kizima gari mara mbili kwa wiki, mwaka mzima, na chenji inabaki. Malori mangapi yanashuka kutoka mlima wa Makonde kila msimu? Kaa barabarani Novemba uhesabu mwenyewe.

Kwa hiyo msituambie hakuna hela. Serikali inajua kupanga usafiri wa umma pale inapotaka. Dar es Salaam iliwekewa mwendokasi mwaka 2016. Reli ya kisasa ilianza kubeba watu kutoka Dar mwaka 2024. Hatuwaonei wivu ndugu zetu wa kule, wamepata haki yao. Tunachohoji ni kwa nini kule mpango ni kazi ya serikali, na huku mpango ni "subirini gari lijae".

Tunachotaka, kwa maneno ya kueleweka

Moja. Kila halmashauri, Newala na Masasi, Mji na Wilaya, iwe na orodha ya vijiji vyake vyote, ikionyesha kipi kina gari la uhakika walau mara mbili kwa wiki na kipi hakina. Orodha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kata. Uswisi walianza na kanuni ya watu 100. Sisi tuanze na kila kijiji kilichosajiliwa.

Mbili. Kwenye bajeti kuwe na fungu dogo la ruti za mkataba, likitoka kwenye ushuru wa mazao. Mwenye Hiace anashindania kwa bei: nani ataendesha ruti hii siku hizi, saa hizi, kwa kuongezewa kiasi kidogo zaidi? Analipwa safari iliyofanyika tu, kwa simu, kama m-mama. Hakwenda, halipwi.

Tatu. LATRA waunganishe ruti nono na ruti kavu. Kampuni inayotaka kubeba abiria kati ya miji, kwenye lami itakayokuwa imejaa watu, ipewe na wajibu wa kugusa vijiji fulani mara kadhaa kwa wiki. Hii haihitaji shilingi ya serikali. Lami ikikamilika, kila mwenye basi ataikimbilia Newala. Wakati wa kuweka masharti ni sasa, kabla leseni hazijagawiwa.

Nne. Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, 4 ya vijana, 4 ya wanawake na 2 ya wenye ulemavu, isiishie kununulia kila kijana bodaboda yake tukaenda kugombania abiria wale wale. Kikundi kimoja kikope Hiace moja, kikiwa na mkataba wa ruti mkononi. Mkataba ndio utakaofanya mkopo urudi. Kenya walishawalazimisha wenye matatu kujiunga kwenye ushirika au kampuni ili wapate leseni. Hawakumaliza ubabe wa makanga, tuseme ukweli, ila leo kuna mtu wa kumuuliza gari lisipokuja. Sisi watu wa AMCOS tuna mazoea ya ushirika kuliko wao.

Tano, uwazi. Najua mnachowaza, maana na mimi ndicho nilichokiwaza kwanza: hela hizi zitapigwa. Tumeona makato ya ajabu kwenye korosho, tumeona viongozi wa vyama vya msingi wakijenga nyumba msimu ambao wakulima hawajalipwa. Ndiyo maana safari isainiwe na abiria wawili na mtendaji wa kijiji, na malipo ya kila mwezi yasomwe kwenye mkutano. Safari ya gari ni kitu kigumu kukificha. Kijiji kizima kinajua kama Jumanne gari lilikuja au halikuja.

Kuhusu kujitolea kama madereva wa Uholanzi, hapana. Wengi wa wale ni wastaafu wenye pensheni. Huwezi kumwambia kijana wa Masasi asiye na ajira aendeshe bure. Hapa tuige mpango wao wa gari, na dereva wetu alipwe.

Kazi ya wiki hii

Msisubiri tushinde halmashauri. Madiwani wengi leo ni wa chama tawala, sawa, lakini hoja ya gari haina kadi ya chama. Mke wa mwenyekiti wa tawi la CCM naye anakaa stendi mpaka saa 12.

Chukua daftari. Kwa wiki mbili andika pale kijijini kwako: gari lilikuja saa ngapi, liliondoka na watu wangapi, wangapi waliachwa, nauli ilikuwa shilingi ngapi, nani alishindwa kwenda kliniki au shule. Usiandike matusi, andika namba. Tukiwa na madaftari 50 kutoka Newala na Masasi, hakuna mkurugenzi atakayetuambia tunapiga siasa.

Kisha nenda nalo kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuwepo na kusema. Kama kwenu haujaitishwa tangu mwaka jana, hiyo nayo ni hoja, iandike. Omba azimio liingie kwenye muhtasari: kijiji kinaomba ruti ya mkataba. Muhtasari unakwenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, unapanda mpaka baraza la madiwani. Vikao vya baraza viko wazi. Twende tukakae pale nyuma, kimya, na madaftari yetu.

Wakikataa, tutakuwa na kitu cha kuwaambia wananchi wakati wa kampeni ambacho kila mama atakielewa bila kufafanuliwa. Wakikubali, basi gari litakuja, na sifa wachukue wao. Mimi sina shida.

Nimempigia bibi juzi. Kliniki yake ni wiki ijayo. Nimemuuliza atakwenda na nini, akacheka, akasema, "Labda unipakie kwenye gunia, mjukuu wangu, magunia hayakosi gari."

Nilicheka naye kwenye simu. Nilipokata, sikucheka tena.

*Mwandishi ni mwanachama wa jumuiya ya vijana, Newala.*